Dizeli Imeshuka

Bei mpya za mafuta zilipotangazwa, Kabibi hakumpigia simu baba yake mwenye kinu cha kusaga. Alimpigia nyanya yake, mama mzaa baba.

"Hawe, dizeli imeshuka," alisema.

"Mungu mkubwa," akajibu bibi Sidi kule Ganze. "Basi waambie waje Jumamosi."

Kazi ya Kabibi huko Nairobi ilikuwa kuipimia kampuni ya bima hatari zake: gari lipi litagonga, ghala lipi litaungua, mteja yupi atakula pensheni hadi kampuni ichoke. Lakini hatari aliyoijua kuliko zote ilikuwa baba yake, Mwaringa. Mzee huyo alisaga mahindi ya kijiji kizima, na habari za uchumi alizisikiliza kama wengine wasikilizavyo mpira. Dizeli ikipanda shilingi mbili, alikataa hata salamu. Na akishakataa jambo, basi limekufa. Harudi nyuma hata aletewe wazee wa kaya. Ndiyo maana posa hii ilikuwa ikiahirishwa tangu kiangazi.

Kabibi alipendelea wangoje mwezi mmoja zaidi, mavuno yaanze kuingia kinuni. Hawe hakutaka kusikia. Kwa umri wake, alisema, mwezi si kitu cha kuchezea. Harusi hii alitaka aione angali na meno ya kutafunia nyama yake.

Jumamosi asubuhi alimkuta mjukuu wake, aliyefika usiku kutoka Nairobi, jikoni akipepeta mchele.

"Tuna nafasi gani?" akauliza, huku akijifunga leso mpya.

"Nane kwa kumi, Hawe."

"Na hizo mbili?"

"Hizo ni baba."

Adhuhuri wageni wakafika: Mzee Ngumbao wa Dabaso, anayetembeza watalii kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, na mwanawe Katana, kijana wa miraba minne aliyebeba kibuyu cha pombe ya mnazi. Kabibi aliwafahamu tangu mwaka jana, alipompeleka Hawe na akina mama wenzake wa kanisa kulitembelea daraja hilo.

Mwaringa alimpima Katana kutoka utosini hadi kwenye viatu. Akamuuliza anafanya kazi gani. Alipoambiwa kwamba hufunga pampu za jua, zisizokunywa dizeli hata tone, alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Kabibi akapumua.

Kisha baba yake akanyoosha mkono kuifungulia redio, asikie habari za saa saba.

Kodi, sukari, shilingi kuteleza, lolote kati ya hayo lingeweza kuiua posa pale pale, na Kabibi hakuwa amelitia hesabuni. Mwaringa akazungusha kitufe. Kimya. Akaipiga redio kofi. Kimya vile vile. Kabibi alipotupa jicho jikoni, alimwona Hawe akilipapasa fundo kwenye pembe ya leso yake. Fundo lenyewe lilikuwa la ukubwa wa betri mbili.

Katana akakohoa kidogo. "Mzee, tumeona ua limechanua katika boma lako. Tumekuja kuliomba."

Mzee Ngumbao alikuwa akijifuta jasho kwa leso ya mkononi. Mwaringa alionekana kushangaa kwamba ni kijana anayesema na mzee anayenyamaza, lakini akalisamehe hilo. Vijana wa siku hizi ndivyo walivyo, na isitoshe dizeli ilikuwa imeshuka.

Akakipokea kibuyu. Kwa desturi, mnazi wa posa hauguswi mpaka mwanamke anayeposwa aulizwe mbele ya watu wote. Akisema unywewe, amekubali. Mwaringa akamgeukia binti yake, machozi yakimlengalenga, na Kabibi akaona jinsi baba huyu mkali anavyompenda.

"Haya, mama," akasema kwa upole. "Tunywe, tusinywe?"

Nane kwa kumi zilikuwa zimeanza kuonekana chache. Kabibi aligeuka tu, akautazama mlango wa jikoni.

Hawe alikuwa amesimama pale, ameikaza leso yake kiunoni. Alimtazama Mzee Ngumbao, naye mzee akainamisha uso kwa haya.

"Kunywa, mwanangu," bibi Sidi akamwambia Mwaringa. "Betri zako nitakurudishia nikishaolewa."