Maporomoko ya Marehemu

Kila kitu kuhusu yale maporomoko kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa kaburini.

"Tukienda utavaa raba," mumewe alimwambia asubuhi moja, akifuta lenzi kwa kitambaa. Alikuwa mtengeneza miwani, na hata mezani pa chai hakuacha kufuta. "Yale mawe ya kuvukia yanateleza."

"Umejuaje?"

"Marehemu alikuwa akisema."

Mkewe, fundi cherehani, alikunywa chai yake ikamuunguza ulimi. Tangu aolewe katika nyumba ile, marehemu, mke wa kwanza wa mumewe, alikuwa mbele yake kila aendako. Marehemu ndiye aliyechagua rangi ya kuta. Marehemu alikuwa akikunja mashuka hivi, marehemu hakupenda chumvi nyingi. Na sasa marehemu alikuwa na maporomoko yake pia, mahali pasipo na kibao wala watalii, njia yake wanaijua wachache, maji yanashuka katikati ya miti utadhani yanajificha.

Zamani hakuwa mtu wa wivu. Yeye naye aliingia katika ndoa hii akiwa mjane. Mume wake wa kwanza, wakala wa bima, alikuwa mtu wa mwanya, wa safari na mzaha, kila mtu akimwita mheshimiwa, leo yuko huku, kesho kule, na katika maisha yao yote fundi hakumtilia shaka hata siku moja. Moyo ulipomsimama ghafla, alimzika, akalia, akarudi kwenye cherehani yake. Huyu wa sasa alikuwa mpole, mkimya, wa kurudi nyumbani mapema. Ungedhani wivu ungekosa pa kukaa.

Lakini mwanamke aliye hai una pa kumshikia. Utamsema, utampita njiani bila salamu, na siku moja atanenepa. Marehemu hanenepi.

"Yaani unagombania mume na kaburi?" shoga yake, aliyeshona naye duka moja, alimcheka.

"Na kaburi linashinda, shoga. Kila tukipanga siku, anaahirisha. Mara gari lina mlio, mara mvua. Hataki nikakanyage pale walipokuwa wakikaa wawili."

"Basi usiende."

"Nisiende? Nitakwenda, na gauni jipya nitalivaa."

Akalishona. Jekundu, la kubana kiuno, la kumfanya mtu asahau kama kuna maji. Jioni akamwekea mumewe chakula pamoja na maneno machache: "Jumamosi. La sivyo, hayo maporomoko yasitajwe tena humu ndani."

Mumewe aliweka kijiko chini. "Una hakika unataka kwenda?"

"Unaniuliza mimi? Aliyeanza kuyataja ni nani?"

"Ni mimi," akasema. "Haya. Jumamosi."

Njiani mume alishika usukani kwa mikono miwili kama anayefanya mtihani wa udereva, na mkewe, ndani ya gauni lake jekundu, hakuhitaji kuambiwa anamkumbuka nani.

Waliacha gari penye daraja la mbao, wakashuka kwa miguu. Maji waliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuwa mazuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Yalishuka membamba, meupe, bila makelele, yakaingia katika kidimbwi cha kijani. Hapakuwa na mtu, ila mama mmoja aliyekaa kwenye jiwe bapa na kikapu chake cha ndizi, mbuzi wake wakila majani kando.

"Umerudi, baba!" mama alimwambia mumewe. "Na leo umekuja na mwenzio."

Mume aliitikia kwa kichwa, akapita, akaenda kusimama ukingoni.

Fundi alinunua ndizi asizozitaka. Alijua anajitafutia maumivu, akauliza hivyo hivyo.

"Mama, unamkumbuka yule dada aliyekuwa akija hapa na mume wangu?"

"Na mume wako?" Mama alishangaa. "Huyu baba amekuja mara moja tu, tena peke yake, baada ya msiba. Alikaa hapo hapo ulipo, akaniuliza maswali mpaka jua likazama. Yule dada alikuwa akija na mume wake."

"Mume wake yupi?"

"Si yule wa mwanya! Mtu wa vituko yule. Kwake kila mtu ni mheshimiwa. Hata mbuzi wangu hawa: 'Waheshimiwa, naomba njia, mke wangu apite.'" Mama alicheka peke yake, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Naye siku hizi simwoni."

Ndizi zilimtoka fundi mkononi. Mwanamume wa mwanya wa kuwaita mbuzi waheshimiwa alikuwa mmoja tu duniani, na yeye ndiye aliyemzika.

Aliinua macho. Mumewe alikuwa ameyapa maji mgongo, anamtazama yeye.

"Siku ya kwanza nilipokuja dukani kwako, nilikuja kukwambia hili," alisema. "Wewe ukaniuliza nataka shati la mikono mirefu au mifupi."