Figa la Tatu

Kalumuna, mpima madini wa serikali, alibakiza nafasi moja kwenye fomu: makadirio ya shaba isiyogunduliwa kilimani pale. Alitaka kuandika "hakuna," macho yakaangukia figa la tatu jikoni kwa Bi Nyamizi, mwenyeji wake, lenye mishipa ya kijani, dalili ya shaba.

"Mama, jiwe hili mlilitoa wapi?"

"Hapahapa. Nyumba zetu zote zimekaa juu yake. Mtatuhamisha?"

"Mimi kazi yangu kuandika tu. Naomba nivunje kipande."

"Figa halitolewi chungu kikiwa motoni, mwanangu. Subiri maharage yaive."

Kalumuna akakaa, nyundo mapajani. Adhuhuri ikapita. Maharage yakanukia, yakaanza kupasuka. Bi Nyamizi akafunua chungu, akamtazama mgeni wake, akaongeza kata nyingine ya maji.