Ua wa Mashavu

Mtaani kwao hakuna tena kufuli. Kila nyumba imezungushiwa michongoma, na kwenye mashina yake huota uyoga mdogo mno wenye umbo la vikombe. Mtu akifika, vikombe hunusa pumzi yake. Kama amewahi kulala ndani, vitafumbuka na geti litafunguka.

Mashavu aliusifia ua wake kuliko mumewe. “Huu haudanganyiki!”

Siku moja baada ya Mashavu kurudi kutoka msibani Pangani, wakiwa wanakunywa chai na mumewe, alifika Kibibi, jirani mpya, na sahani ya vitumbua kuja kujitambulisha.

“Hodi!”

Kabla hajaitikiwa, vikombe vyote vikafumbuka. Mume akapaliwa na chai.

Mashavu alitabasamu, akaipokea sahani.

“Karibu, mwenyeji.”