Kufuli la Ghala

Wakili alimsihi Shekiondo anyamaze, kwani sheria haimlazimishi mshtakiwa kutoa ushahidi. Lakini fundi huyo wa kufuli hakutaka kufungwa bila kusema neno. Alipanda kizimbani, akala kiapo, akaieleza mahakama kwamba siku ghala lilipovunjwa yeye alikuwa nyumbani akimuuguza mkewe, Nuru.

Mwendesha mashtaka akainua kufuli la ghala. "Fundi, hili unaweza kulifungua bila ufunguo?"

Akisema hawezi, nani angembishia? Lakini alikuwa amekwisha kuapa. Akamtafuta Nuru kwa macho, akamwona kwenye benchi la nyuma, ameinamisha uso.

"Naweza," alisema. "Lakini sikulifungua mimi, mheshimiwa."

Hakimu aliacha kuandika. Watu wakaanza kunong'ona.

"Basi tuonyeshe," mwendesha mashtaka alisema, akampa kufuli na kipande cha waya.

Shekiondo alivipokea. Akaomba moyoni vidole vyake vishindwe, japo leo tu. Lakini waya ulipoingia, vidole vikafanya kazi viliyoizoea kwa miaka thelathini. Kufuli likafyatuka.

Hakimu akachukua tena kalamu yake. Shekiondo alinyoosha mkono alirudishe lile kufuli, lakini hakuna aliyekuja kulipokea, akabaki amesimama nalo kiganjani, likiwa wazi.