Sahani Zilizowaka Bila Sumu

Sahani za Profesa zilikuwa zimewaka tena, na hakuna aliyezitia sumu.

Zilikuwa sita, ndogo kama vifuniko vya mitungi, na ndani yake chembe hai zilizolelewa kwenye kabati la joto. Hizo zilikuwa za kulinganishia, zilitakiwa zibaki giza. Lakini chini ya taa ya buluu ziling'aa kijani kama macho ya paka. Safu ya mwanafunzi wake, rafu ya chini ya kabati hilo hilo, ilikuwa giza tupu.

"Nani ametia mkono humu?" Profesa alifoka.

Bibi Chupa, muosha vyombo wa maabara, alikuwa anakohoa. Alikohoa mwaka mzima, tangu feni ya kutolea hewa ilipokufa kwenye chumba anachooshea mitungi ya fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia vielelezo. Alipeleka barua tatu. Profesa alizijibu zote kwa mdomo.

"Mama, mimi sisikii harufu yoyote. Huo ni uzee."

"Uzee nilikuja nao," Bibi alisema. "Kikohozi nimekikuta hapa."

Feni haikuja. Bibi aliendelea kuosha.

Mwezi mmoja nyuma, wakinywa chai, alimuuliza mwanafunzi sahani zinawakaje.

"Ndani ya chembe kuna protini mbili, Bibi. Moja ni mlinzi. Kazi yake kumkaba mpiga mbiu asipige kelele ovyo. Sumu ikiingia, humng'ata mlinzi vidole. Akiachia tu, mpiga mbiu hukimbilia kwenye kiini, na chembe nzima hujihami. Sisi tumeongeza ile taa ya kijani, tuone mbiu imepigwa."

"Kumbe mpaka mmoja aumwe ndipo wasikie?"

"Ndiyo."

"Basi hapa nimeumwa mimi, na hajasikia mtu." Wakacheka, lakini Bibi aliacha kucheka mapema.

Sasa Profesa alimgeukia. "Ni sabuni yako!"

"Sabuni yangu ina ubaguzi basi. Inakula safu yako, inamruka huyu mtoto." Bibi akafuta mikono polepole. "Weka sahani mpya kila chumba, zishinde humo. Na mahali ninaposhinda mimi weka moja. Zikiwaka zote, kosa ni la sabuni yangu, nitaondoka mwenyewe."

Profesa hakuzoea kupangiwa kazi na mtu mwenye ndoo. Ila miaka miwili ya utafiti ilikuwa inamponyoka mikononi, akaweka.

Kesho yake wakazitazama. Ya ofisini, giza. Ya koridoni, giza. Ya chumba cha kuoshea iliwaka kijani kuanzia ukingo hadi ukingo.

Profesa alishika kichwa. "Hewa ya huku inavuja mpaka kwenye kabati langu! Kazi yangu yote!"

Kifua cha mtu hakukitaja. Bibi alimtazama machoni mpaka yeye akatazama sakafu.

Feni iliyoshindikana mwaka mzima ilifungwa kwa siku mbili. Ilipowashwa, karatasi ukutani zikapepea, na Bibi akavuta pumzi ikamfika kitovuni. Aliosha karo nzima ya mitungi bila kukohoa. Na sahani mpya za Profesa, asubuhi iliyofuata, zilikuwa giza kama zinavyotakiwa.

Mwanafunzi alikuja kusimama mlangoni, amekunja uso.

"Bibi, kuna kitu hakiniingii akilini. Kabati la joto lina mlango wenye mpira wa kuziba, hata sisimizi hapenyi. Na safu yangu imo humo humo. Hewa ya huku ilifikaje kwenye sahani za Profesa peke yake?"

Bibi alisuuza mtungi wa mwisho, akaupanga. Kisha akatoa mfukoni mwa aproni ufunguo mdogo wa kabati, akauweka kwenye kiganja cha mwanafunzi.

"Haikufika, mjukuu wangu. Kila alfajiri, kabla hamjaja, nilikuwa nazileta zenyewe zikae na mimi."