Udongo wa Kalengera

Marie-Louise alikuwa ameshakubali. Shamba lake la kijijini Kalengera liuzwe, yaishe. Mnunuzi alikuwa amekaa na mwana wa Marie-Louise nyumbani kwao mjini, mtaa wa Katoyi, naye Marie-Louise alitoka mara moja tu kununua viazi vya kumpikia mgeni.

Sokoni aliokota kiazi kimoja. Kilikuwa bado na udongo, mweusi, laini, wenye unyevu. Tangu akimbie vita alikuwa akiishi juu ya mawe ya volkano, hajashika udongo kama ule. Akaufikicha kwa kidole gumba, akaunusa. Akawaona tena akilini wanawake wenzake wa kijijini wakipanda maharage huku wakitaniana, mvua ikawakuta shambani, na hakuna aliyekimbia.

"Mama, nikuoshee?" muuzaji akamuuliza.

"Hapana, acha vile. Vimetoka wapi?"

"Kalengera. Watu wanaanza kurudia mashamba."

Simu ikalia. Alikuwa mwanawe.

"Mama, huyu muzee anachoka kungoja."

Marie-Louise alitazama weusi uliomganda kwenye kucha.

"Umwambie aende kwake," akasema taratibu, kisha akamgeukia muuzaji. "Kamio iliyoleta hivi viazi inarudi saa ngapi?"