Daftari la Vipimo

"Lete hilo daftari, bibi yako auone huo usomi!" Wifi alimpokonya mtoto daftari, akalibwaga juu ya vitambaa.

Fundi, mama wa mtoto, hakutoa mguu kwenye cherehani. Alijijua: akiacha kushona tu, mkono utafuata mkasi.

Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa tano sasa, na miezi yote hiyo wifi alikuwa akimsema kwa kumfundishia mwanawe hesabu kwenye kushona. Alihamia hapo kaka yake alipofariki, eti kufariji wafiwa, maana mume wake mwenyewe alikuwa kazini ng'ambo tangu mwaka jana. Faraja yenyewe ilikuwa kulala hadi mchana, kutapika akisingizia harufu ya mafuta ya cherehani, na kununa. Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijisemea kila siku.

Leo wifi alikuwa amemleta mama yake mzazi. Jua lilikuwa kali, lakini wifi alijitanda shuka mpaka magotini.

"Mtoto wa marehemu amegeuzwa kibarua," wifi alisema. "Kutwa vifungo na pindo! Na huyo mwalimu wake, kushona kwenyewe hajui. Magauni yangu yote yananibana!"

Bibi alimtazama mkwewe kwa jicho kavu. "Mwanangu hakukuachia mtumwa. Mfungie nguo zake. Naondoka na mjukuu wangu."

Fundi alizidi kukanyaga cherehani. Mume alishazikwa, sasa na mtoto anachukuliwa. "Mama, muulize kwanza anachojua," alisema. "Ukiona hajui kitu, mchukue."

Wifi alicheka. "Muulize! Atakuhesabia vifungo."

Mtoto alipiga magoti kando ya bibi yake, akafungua daftari. Alikuwa na miaka tisa, na hakuna aliyewahi kumwomba aonyeshe kazi yake.

"Bibi, najua kujumlisha, kutoa na nusu na robo. Na grafu. Kila mtu humu ndani ana ukurasa wake. Huyu ni mama. Kiuno inchi ishirini na nane, miezi yote mitano. Ona, mstari umelala."

"Vizuri," bibi alisema, uso umeanza kulegea.

"Na huyu ni shangazi. Hataki mama amguse, kwa hiyo mimi ndiye ninayempima na kumpanulia magauni. Mwezi wa kwanza thelathini. Halafu thelathini na moja. Thelathini na mbili na nusu. Thelathini na nne. Juzi thelathini na sita. Mstari unapanda tu! Lakini mabega na mikono, hata robo haijaongezeka."

Wifi aliurukia ukurasa. Bibi aliuwahi mkono wake, akaubana juu ya daftari.

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Bibi hakuwahi kukanyaga darasa. Alianza kuhesabu miezi kwa vidole, tangu siku aliyomsindikiza mume wa binti yake safarini, na vidole vyote kumi vikamwishia kabla hajaufikia mwezi huu.